Kifua cha Kuazima

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi ya eksirei leo mmeikuta imelainika. Mgonjwa anasimama, unabonyeza, na kabla hajafunga vifungo vya shati kifua chake kiko kwenye kompyuta, unakikuza utakavyo. Mimi niliyekuwa naosha filamu kwenye chumba cha giza, mikono ikinuka dawa hata nikila wali, nawaonea wivu kidogo. Kidogo tu, maana kuna jambo ambalo mashine mpya haijalibadilisha. Anayesimama mbele yako amevua shati, na mtu akishavua shati huwa anaongea.

Karibu maisha yangu yote ya kazi yalikuwa Kariakoo, kwenye zahanati ya ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Mkunguni, juu ya duka la vitambaa. Duka lilikuwa la baba yake Daktari Nassor, mwenye zahanati. Hao ni Waarabu wa mjini, wamezaliwa hapahapa, wanagombana kwa Kiswahili na wanapatana kwa Kiswahili. Mzee alipenda kuwaambia wateja kwamba chini wanapima vitambaa na juu wanapima watu, na akisema hivyo anacheka peke yake.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Kisanga. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuniruhusu kugusa mashine mpaka nilipojua kumsimamisha mgonjwa. Mtu hasimami tu kama yuko kwenye foleni ya maji. Kidevu juu, mikono kiunoni, mabega yasukumwe mbele ili mifupa ya mgongoni iondoke njiani. Halafu pumzi. Usipige pumzi ya kwanza, kwa sababu mtu akiambiwa avute pumzi anaogopa, anavuta nusu. Mwambie avute, aachie, avute tena. Ya pili ndiyo inajaza kifua. Hilo hamtalikuta kwenye kitabu chenu, na kama limo, basi nimefurahi.

Alinifundisha pia nisimwamini mtu anayesema hana kitu mwilini. Siku moja alikuja mama mmoja muuza mitumba, nikamuuliza kama amevua kila kitu, akaapa. Picha ikatoka na simu katikati ya pafu la kushoto. Alikuwa ameisahau ndani ya sidiria. Daktari Nassor aliitazama ile picha, akaniuliza kwa upole huyu mama anatumia laini ya mtandao gani.

Kulikuwa na wenye hirizi. Hao msibishane nao. Mwambie aizungushe ipande juu ya shingo, au aifunge mkononi, na imani yake ibaki palepale. Mwanamume mmoja alikataa hata hivyo. Aliniuliza kama mashine ile inaonyesha siri za mtu. Nikamwambia inaonyesha mbavu na mapafu. Akafikiri sana, akasema basi sawa, siri yake iko Mbagala.

Nacheka, lakini habari niliyotaka kuwasimulia haichekeshi. Mpaka leo ikinijia naacha ninachofanya, hata kama ni kusuka ukili.

Kanda ya Ziwa kulikuwa na mgodi wa dhahabu ambao ulifunga sehemu yake ya chini ya ardhi na kuwapunguza wafanyakazi. Baada ya hapo ukaanzishwa mradi wa kuwasaidia walioachishwa. Ofisi yake ilikuwa Posta, kwenye jengo refu lenye lifti. Mradi uliwafundisha watu kazi nyingine: kuendesha foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo, bandarini na kwenye yadi za makontena, kuchomelea, kutengeneza mashine za baridi. Mafunzo yalikuwa Dar, kwa hiyo watu walipanda mabasi kutoka Kahama na Geita wakaja mjini, wakalala kwa ndugu au kwa watu wa kwao wenye stoo Kariakoo, wakasubiri kuitwa.

Haikutosha mtu kusema alikuwa mgodini. Ilibidi awe aliajiriwa na mgodi wenyewe, awe na barua ya kuachishwa, asiwe na kazi nyingine, na awe na kifua kizima. Hicho cha mwisho ndicho kilichotuhusu. Zahanati yetu ilipewa kazi ya kuwapiga picha, na Daktari Nassor kuandika nani mzima na nani hapana. Niliposikia sharti lile nikaona ni la haki. Nani atampandisha mgonjwa kwenye foklifti?

Wakawa wanakuja, wanaume watu wazima, wapole kupita kiasi, kila mmoja na karatasi ya mradi yenye jina lake. Picha yake haikuwamo, ni jina tu. Nilipiga vifua vingi vya watu wale na wengi wao sikupenda nilichokiona. Vumbi la mawe linakaa kwenye mapafu. Kwenye picha linaonekana kama mtu amenyunyizia chokaa, hasa upande wa juu. Daktari alikuwa anaandika, anashusha miwani, anaandika tena. Wale hawakuambiwa chochote kwetu. Walirudi Posta kusikia majibu.

Basi siku moja nikaita, "Petro Masanja." Kimya. Nikaita tena. Kijana mmoja mrefu aliyekuwa anasoma bango la chanjo ukutani akashtuka kama aliyeamshwa, akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huna masikio?"

"Ninayo, mama. Makelele ya chini."

Kweli chini kulikuwa na spika za wauza viatu. Nikamsimamisha. Alikuwa na kifua kipana mpaka nikahangaika kukiingiza chote kwenye picha. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vina malengelenge mapya. Nikamuuliza yametokana na nini, akasema ni ya mgodini. Nilijua malengelenge ya mgodini yangekuwa yameshakauka siku nyingi, lakini sikuwa polisi.

Picha ilipotokea nilifurahi kama ni mwanangu amefaulu. Mapafu meusi, safi, hakuna hata doa. Sheria inakataza mpiga picha kutoa majibu, na nyinyi msinifuate katika hilo, lakini nilimwambia, "Mwanangu, una kifua kizuri."

Hakutabasamu. Alivaa shati taratibu, akaniuliza, "Kwa hiyo Petro amepita?"

Nikadhani ndivyo wanavyoongea kwao, mtu kujitaja kwa jina. Nikamwambia asubiri kusikia Posta. Akashukuru mara nyingi, akashuka ngazi.

Kama wiki hivi ikapita. Ikawa Jumamosi, na mnaijua Kariakoo ya Jumamosi, mtaa umejaa mpaka mtu hawezi kuona miguu yake. Nilikuwa dirishani napunga upepo. Nikasikia watu wanamzomea mtu wa mkokoteni aliyekuwa anapita kwa nguvu, anagonga meza za wamachinga. Anapiga kelele wampishe. Juu ya mkokoteni kulikuwa na maboksi, na juu ya maboksi amelala mtu, amefunikwa koti. Mkokoteni ukasimama chini yetu. Yule msukumaji akamkumbatia mgonjwa, akampandisha ngazi zote mikononi.

Salama, dada wa mapokezi, alikuja kwangu na karatasi. "Bi Mwajuma, kuna mtu anatema damu. Daktari anataka kifua sasa hivi."

Nikasoma jina. Petro Masanja.

Nikasema haiwezekani. Nikamwambia Salama kwamba Petro Masanja nimempiga mimi mwenyewe juzijuzi, hana hata mafua. Nikatoka nje nikitarajia kumkuta yule kijana mrefu amelala kwenye benchi. Yule kijana mrefu alikuwa amesimama, shati lake lina damu. Aliyelala alikuwa mtu mwingine kabisa, mdogo wa umbo, amekonda, macho yameingia ndani, ameshikilia kanga mdomoni.

Nimesimama na ile karatasi mkononi namtazama mmoja, namtazama mwingine. Yule mrefu akaniangalia, na nikaona amejua kwamba nimejua.

"Petro ni huyu, mama," akasema. "Mimi naitwa Lameck."

"Na ulipokuja?"

"Nilikuja kwa ajili yake."

Tulimpiga picha amekaa, Lameck akiwa amemshika mabega. Mashine ikatoa kile kifua. Chokaa ilikuwa juu yote, na katikati yake tundu, kama kitambaa kilichotobolewa na sigara. Vumbi la mawe na kifua kikuu juu yake. Daktari Nassor aliitazama kwa muda, kisha akafungua ile picha ya mwanzo, iliyoandikwa jina hilohilo, akaziweka pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Kifua cheusi na kifua cheupe, vyote Petro Masanja, na chini ya kile cheusi iko saini yake.

Alimwita Lameck ndani. Nilikuwepo, maana nilikataa kutoka.

"Unajua umefanya nini?" Daktari akamuuliza. Hakupandisha sauti. "Nimeandika kwamba huyu mtu ni mzima. Nimeweka jina langu."

"Najua, daktari."

"Kama ulijua, kwa nini umemleta hapahapa? Kariakoo ina zahanati ngapi? Na ungeweza kusema jina lolote."

Lameck akafuta mikono kwenye suruali. "Alipoanza kutema damu, hapa ndipo palikuwa karibu. Na jina, daktari, niliogopa. Nikisema jina la uongo mkampa dawa za mtu mwingine, akifa, nimemuua mimi."

Daktari akazigeukia tena zile picha. Mimi ndiye niliyeuliza. Nilimwuliza swali ambalo lilikuwa linanikera tangu nje. "Lameck, wewe una kifua kile. Kwa nini hukukitumia kwa ajili yako? Si na wewe umetoka mgodini?"

"Kifua ninacho, mama. Barua ndiyo sina."

Akaeleza. Yeye na Petro walifanya kazi kwenye shimo moja, zamu moja, kwenye mashine moja ya kutoboa miamba. Petro anashika mbele penye vumbi, yeye anashika nyuma. Lakini Petro aliajiriwa na mgodi, na yeye aliletwa na mkandarasi aliyeupa mgodi vibarua. Petro alivaa kofia nyeupe, yeye ya kijani. Mgodi ulipofunga, wa kofia nyeupe walipewa barua. Wa kijani waliambiwa kesho msije. Alipofika Posta akaulizwa barua, akasema hana, akaambiwa kwa mradi ule yeye hakuwa mchimbaji.

"Nikawaambia waangalie mikono yangu," akasema. "Wakasema hawana sehemu ya kuandika mikono."

Petro alikuwa na barua, ana mke na binti Kahama, na kikohozi. Lameck alikuwa na kifua. Wakaona kati yao wawili kuna mtu mmoja anayestahili. Petro angepumzika, dawa za kikohozi zingemtuliza, angejifunza foklifti, angeajiriwa. Lameck mwenyewe asingepata chochote. Nilimwuliza hilo mara mbili, sikuamini.

"Si chochote," akasema. "Angekuwa na kazi yeye, ningekuwa na mahali pa kulala."

Petro akapelekwa hospitali ya serikali, akalazwa, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Jumatatu Daktari Nassor akavaa koti, akasema anaenda Posta kufuta saini yake kabla hajaulizwa. Nikaenda naye, na Lameck akatufuata bila kuitwa.

Tulipokelewa na binti mmoja aitwaye Hilda, ndiye aliyekuwa anapitisha majina. Nilijiandaa kumchukia. Alikuwa mtu wa kawaida, anavaa miwani, ana chupa ya chai mezani. Alimsikiliza Daktari mpaka mwisho, akawa ameduwaa. Akasema huo ni udanganyifu na yeye hana njia, Petro anafutwa. Kisha akamgeukia Lameck, akatafuta jina lake ili nalo alifute. Akatafuta, akatafuta.

"Wewe humo humu," akasema.

"Sijawahi kuwamo, dada," Lameck akajibu.

Nikamwuliza Hilda, mgonjwa kama Petro anaenda wapi? Akasema kuna fidia ya magonjwa ya kazini. Nikauliza inaanzia wapi. Akasema inaanza kwa mwajiri kutoa taarifa. Nikauliza mwajiri yuko wapi. Akasema wakubwa wa sehemu ile iliyofungwa walikuwa wameshaondoka, na aliyebaki getini hakuwa na mamlaka hata ya kufungua barua.

"Hakuna njia nyingine kabisa?" Daktari akauliza. "Familia yake je?"

"Familia ipo," Hilda akasema. Akafungua masharti, akawa anasoma kwa sauti, haraka haraka kama mtu aliyeyasoma mara nyingi. Kwamba mke au mume wa mfanyakazi anaweza kuchukua nafasi yake ya mafunzo, mradi awe na umri unaofaa, mradi awe mzima, na mradi mfanyakazi mwenyewe awe amefariki.

Akavua miwani. Nadhani hakuwahi kuyasikia maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu.

Lameck akauliza polepole, "Kwa hiyo Petro akiwa hai, mke wake hapati. Akifa, anapata."

"Ndivyo ilivyoandikwa," Hilda akasema.

Wanangu, nimeona mbavu zilizovunjika na nimeona mtoto aliyemeza msumari. Sijawahi kupigwa na kitu kama sentensi ile. Tulishuka na lifti watu watatu. Nje pale Posta watu wanakimbilia magari ya jioni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilianza kwenda kumtazama Petro wodini. Mke wake alikuwa amefika kutoka Kahama, mwanamke mnene kidogo, mchangamfu, anaitwa Mama Suzi. Alikuwa amemwacha binti kwa bibi. Petro alikuwa anapata nafuu, damu imekata. Halafu akaanza kurudi nyuma. Homa ikapanda tena. Daktari wa wodi akasema hajui kwa nini, dawa zile zinafanya kazi kwa watu wote wa chumba kile.

Siku moja mchana nimefika na uji, nikamkuta Lameck amepiga magoti kando ya kitanda. Nikadhani anasali. Alikuwa anachomoa vidonge kutoka kwenye mpasuko wa godoro, kimoja kimoja, anaviweka kwenye kiganja. Vilikuwa vingi. Vya siku nyingi. Mama Suzi amesimama ukutani, mkono mdomoni.

"Nani alimwambia lile sharti?" nikauliza.

"Mimi," Lameck akasema. "Aliniuliza tulichoambiwa Posta, nikamwambia yote. Sikuwaza."

Petro alikuwa ametazama dari. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Mama, mimi sitafanya kazi tena. Wewe mwenyewe umeona picha yangu. Hili vumbi halitoki. Kwa nini nibaki nimewazibia njia?"

Mama Suzi akatoka ukutani. Nilidhani atalia. Alivichukua vile vidonge kutoka kwa Lameck, akavitupa kwenye ndoo ya taka, akaketi kitandani, akamshika mumewe kidevu kama mtoto anayekataa kula.

"Nani alikwambia nataka foklifti?" akasema. "Nimekuja Dar kwa basi usiku na mchana, nimekuja kuchukua foklifti?"

Machozi ya Petro yalikuwa yanashuka kuelekea masikioni kwa sababu amelala chali. Tangu siku ile alimeza dawa mbele ya mkewe na kufungua mdomo aonekane.

Mimi nilitoka pale na lile joto la saa nane nikaenda moja kwa moja mpaka Posta. Sikuwa na mpango. Nilimkuta Hilda, nikamwambia nilichokiona, godoro na vidonge na alichosema Petro. Nikamwambia aje aone, kwa kuwa mimi nimechoka kuona peke yangu. Hakuja siku ile. Alikuja kesho yake, na viatu vyake vya ofisini, akasimama mlangoni mwa wodi. Petro akamwamkia kwa heshima, akamwomba radhi kwa udanganyifu. Aliyedanganya anamwomba radhi anayesimamia masharti ya kifo. Hilda akaniuliza choo kiko wapi. Akakaa huko muda.

Sijui yote aliyoyafanya baadaye. Najua alimwomba Daktari Nassor aandike ripoti ya kweli ya kila kifua tulichokipiga, na Daktari akaandika mpaka akaugua mgongo. Najua aligombana na wakubwa zake, kwa sababu aliacha kupokea simu zetu kwa muda, na alipopokea sauti ilikuwa imekwisha. Mwishowe waliongeza maneno machache kwenye lile sharti. Amefariki, au ameshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa. Ni maneno machache kiasi hicho, na watu wale wangeweza kuyaandika tangu siku ya kwanza.

Mama Suzi akaitwa kupimwa. Nilimsimamisha mimi, kidevu juu, mabega mbele. Aliniambia anaogopa kuendesha hata baiskeli. Nikamwambia pumzi ya pili, siyo ya kwanza. Kifua chake kilikuwa kizima.

Lameck ndiye aliyemfundisha kabla ya mafunzo kuanza. Chini ya ardhi aliwahi kuendesha shoveli, mashine inayobeba mawe, na alikuwa anamchorea Mama Suzi vyuma vya kuongozea kwenye maboksi, nyuma ya stoo, mtaa wa Gerezani. Alimkalisha juu ya mkokoteni ajizoeze kutazama nyuma. Wabeba mizigo walicheka sana. Mama Suzi naye alicheka, lakini alitazama nyuma. Alimaliza mafunzo, akapata kazi kwenye yadi ya makontena upande wa Kurasini.

Kuhusu watu wa kofia ya kijani hakuna kilichobadilika. Hilda alijaribu, akaambiwa mradi una mipaka. Baadaye aliondoka pale. Tulikutana mara moja tu mjini, akaniuliza habari za Lameck, nikamwambia anasukuma mkokoteni, akatazama chini.

Muda mfupi kabla sijastaafu nilialikwa kwa akina Petro, Buguruni, chumba kimoja na sebule. Petro alikuwa amekaa kwenye kigoda anasonga ugali, anapumzika kila baada ya muda, mwiko umesimama. Kifua kikuu kilipona. Vumbi limebaki, na hapandi mlima tena. Suzi alikuwa kwenye mkeka anaandika kazi ya shule. Lameck alikuwa amefika na dagaa. Tulikuwa tumeshaanza kula Mama Suzi alipoingia na ovaroli lake, akatuamkia, akamshika mumewe bega, akanawa, akaketi.

Alikula matonge mawili, kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Lameck, Jumatatu uje yadi. Saa moja asubuhi."

"Kubeba nini?"

"Kuendesha. Mmoja wetu amehama. Nimemwambia msimamizi kuna mtu aliendesha shoveli chini ya ardhi. Amesema aje aonekane akiendesha. Akiweza, watamkatia leseni."

Lameck alikuwa na tonge mkononi. Halikwenda mdomoni wala halikurudi kwenye sahani. "Alisema nije na nini?"

"Viatu vya kufunga. Kandambili hawataki."

"Hakuuliza nilikuwa nimeajiriwa na nani?"

"Hakuuliza."

"Na barua?"

"Lameck, aliuliza kama unajua kuendesha. Nikasema unajua. Akaendelea kunywa chai yake."

Petro alikuwa ameacha kula, anamtazama rafiki yake. Lameck alilirudisha tonge kwenye sahani kwa uangalifu, akanawa mikono ingawa hakuwa amemaliza chakula, akasimama. Nilidhani anaenda nje kujificha na machozi, nikataka kumfuata. Alisimama katikati ya chumba kile kidogo, kichwa kinakaribia dari, akamuuliza Petro anavaa kiatu namba ngapi.